Mgonjwa wa Sebuleni

Nimedharau vitu vingi maishani, na vingi vilistahili, lakini hakuna nilichokidharau kwa moyo wote kama aksolotli wa mke wangu. Nasema wa mke wangu ingawa alikuwa mali ya shule, kwa sababu mke wangu ndiye aliyemtilia sahihi.

Kama hujawahi kumwona mnyama huyu, usihuzunike. Chukua kambale mdogo, mnyang'anye sharubu, mchubue mpaka abaki na rangi ya kidole cha mtu aliyefua siku nzima. Mbandike miguu minne ya mjusi. Halafu shingoni mchomeke manyoya mekundu matatu kila upande, kama mwanakwaya aliyekosea sikukuu. Hayo manyoya ndiyo anayopumulia. Mdomo wake umeumbwa ukicheka. Ukimletea chakula anacheka, ukimsahau siku mbili anacheka vilevile. Tukuyu nzima nilikuwa nimeshachekwa vya kutosha. Sikuhitaji wa kuniletea ndani, tena kwenye kioo.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Mipaka ilifunguliwa, na kila kilichokuwa kikisubiri nje kikaingia kwa pamoja: mitumba, maua ya plastiki, redio zenye taa za rangi. Mimi nilikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma, na mlango uleule yalioingilia maua ya plastiki ndio niliotokea mimi. Tuliitwa waliopunguzwa, kama nywele. Kwa cheti changu cha kidato cha nne sikuona pa kukimbilia, na kusema kweli sikukimbia. Nilikaa nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwalimu, yaani ya mke wangu, mtu wa Singida aliyepangiwa kufundisha baiolojia katika sekondari moja pale mjini. Yeye alikwenda kazini, mimi nilichambua mchele. Majirani waliniita mama mwenye nyumba, nami niliitika, kwa sababu ukikataa jina la utani unaongezewa lingine.

Aksolotli aliletwa na mwalimu wa kujitolea, Mzungu kijana mwenye magoti mekundu, aliyempata kwa Wazungu wenzake wa Dar es Salaam waliokuwa wakifunga nyumba warudi kwao. Alimweka maabara, kwenye tangi la kioo lenye ufa uliozibwa kwa gundi, wanafunzi wakawa wanamchora. Ilipofika likizo ya mwezi wa sita, Mzungu akaenda kwao kusalimia. Mkuu wa shule akasema dude lile litupwe bondeni. Mke wangu akasema atalichukua nyumbani. Ndipo mkuu akamwekea karatasi mezani: amepokea mnyama mmoja, hai, atamrudisha hai siku ya kufungua shule, asipomrudisha hai, atakabidhi funguo za maabara.

Funguo hizo mke wangu alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kabla yake maabara ilikuwa stoo ya majembe na magunia ya mahindi ya shule. Yeye ndiye aliyefagia, akapanga chupa, akaomba taa za spiriti mpaka akapewa, na kwa mara ya kwanza kidato cha nne wakafanya mtihani wa vitendo kwa kuona badala ya kukariri. Mkuu alikuwa ameshampata mfanyabiashara wa mashine ya fotokopi aliyekitaka chumba kile. Kilichobaki ni sababu. Sasa sababu yenyewe ilikuwa inaogelea sebuleni kwangu.

Mzungu aliacha maelekezo ya kurasa mbili. Mke wangu alinisomea: maji yawe ya baridi, yasiguswe na joto kabisa, nyungunyungu mmoja kila baada ya siku moja, asishikwe ovyo. Nikacheka.

"Mwalimu, mtu anakuelekeza upate baridi Tukuyu? Si sawa na kumwelekeza mtu wa Kyela apate jasho?"

"Wewe shika neno moja tu," akasema. "Baridi."

Tangi likakaa chini sebuleni, kwenye saruji, kwenye pembe isiyofika jua. Lilimeza ndoo sita. Wiki ya kwanza alimhudumia mwenyewe, akimshika kwa viganja viwili kama mtu anayepokea mkate wa Meza ya Bwana. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchimba nyungunyungu kwenye migomba. Mama jirani, mwanamke ambaye ua wake na wetu ulitenganishwa na mstari wa majani ya mabingobingo na adabu kidogo, aliniona nimechutama na kopo.

"Shemeji, leo unakwenda kuvua?"

"Hapana. Nampikia mgeni."

"Mgeni gani anakula hivyo?"

"Wa serikali."

"Eeh," akasema. "Wale wanakula chochote."

Wiki ya pili baba yangu akaja kutoka Masoko. Alikuwa amejikata mguu kwa mundu akisafisha migomba, kidonda kikakataa kufunga, na daktari wa mjini akataka kisafishwe kila baada ya siku moja. Ikabidi akae kwetu.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu mwanamke na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Mwanamke akisikia sauti yake anapinda njia. Wakikutana ghafla, mmoja anageukia mgombani. Vijana wa mjini wameshaiacha mila hiyo, na wachungaji hawaitaji, lakini baba yangu aliishika kama alivyoshika mundu, kwa nguvu na bila kuangalia sana mguu uko wapi. Alikubali kulala chini ya paa moja na mkwewe kwa sharti kwamba pazia zito litundikwe kati ya sebule na korido. Sebule na mlango wa mbele vikawa vyake. Korido, chumba, na mlango wa nyuma unaoelekea jikoni vikawa vya mke wangu. Singida hawana mambo hayo, lakini wakati wa posa alielezwa, akajibu kwamba kama ni kutomwona mtu tu, ni rahisi kuliko kumpikia.

Tangi likabaki upande wa baba. Kulihamisha kulitaka watu wawili, na mmoja wao hakuruhusiwa kuingia. Nikamwambia mke wangu, "Niachie mimi." Nimeyasema maneno hayo mara chache maishani, na kila mara yamefuatiwa na fundi.

Baba alimtazama mnyama kwa muda mrefu siku ile ya kwanza. Na mimi alizoea kuongea Kinyakyusa, lakini pale sebuleni aliongea Kiswahili, ili pazia lisikie bila yeye kuonekana ameliambia kitu. Kiswahili chake hakikuwa na herufi r wala z.

"Huyu ni nani?"

"Mnyama wa shule, tata."

"Analiwa?"

"Haliwi."

"Analinda nyumba?"

"Halindi."

"Analima?"

"Anakaa tu humo."

Akanitazama mimi, akalitazama tangi, akanitazama tena. "Basi mmepata wa pili," akasema.

Nyuma ya pazia mtu alikohoa kwa namna isiyo ya ugonjwa.

Baridi ya mwezi wa sita ikakaza. Ukungu uliingia hadi mlangoni asubuhi na haukuondoka mpaka uombwe. Baba akataka jiko la mkaa sebuleni, nikaliwasha. Akaota moto huku akimwangalia aksolotli, ambaye alikuwa amelala chini ya maji bila kusogeza kidole, kama kawaida yake.

"Huyu anaumwa," akasema baba. "Ona hasogei. Ni balidi. Na ninyi mnamlasa kwenye saluji."

Nilikuwa naijua karatasi ya Mzungu. Nilikuwa naijua kabisa. Lakini niliidharau, kwa sababu aliyeiandika alivaa kaptura kwenye mvua, na kwa sababu kila mtu wa Rungwe anajua mambo haya bila karatasi. Mtoto akikohoa ni baridi. Mzee akifa, ni baridi imemwingia. Vifaranga wa mvua wanawekwa kwenye kikapu karibu na moto. Mimi mwenyewe, nasikia, nilizaliwa kabla ya wakati na nikaivishwa kwenye kikapu kama ndizi. Sasa mjusi wa maji atakuwa nani hata aombewe baridi?

Tukasogeza jiko mpaka likagusana na tangi. Nikachemsha birika, nikalimimina polepole, nikionja kwa kiwiko kama mama anayemwogesha mwanawe. Haikupita robo saa mnyama akaamka. Akapanda juu, akameza hewa, akashuka, akazunguka, akapanda tena.

"Umeona?" akasema baba. "Amechangamka."

Tukakaa pale tumekunja mikono kama madaktari bingwa wawili kutoka Muhimbili. Kumbe yule alikuwa anatafuta mlango.

Jioni mke wangu akaja kwenye pazia.

"Anaendeleaje?"

"Anacheza."

"Anachezaje?"

"Juu na chini."

"Maji ni ya baridi?"

"Mwalimu, hii ni Tukuyu."

Sikumdanganya. Nilimjibu kwa jiografia.

Siku ya tatu aksolotli akakataa nyungunyungu. Siku ya nne vilevile. Nilimtoa yule nyungunyungu kwa kijiti, nikamrushia kuku, na pazia lilipouliza kama chakula kimeliwa nikasema kimeliwa. Siku ya sita manyoya yake yalikuwa yamekunjamana mbele kama ndevu zilizolaliwa, na juu yake kumeota kitu cheupe kama pamba. Baba akasema ameota mvi. Mimi moyoni nilianza kujua, lakini kuna aina ya mtu ambaye akianza kujua kitu anaongeza mkaa, na aina hiyo ni mimi.

Ndipo mama jirani akaja kumjulia hali baba. Alileta ndizi na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaketi, akampa pole ya mguu, akauliza kidonda kina usaha au kimekauka, akataja watu wanne waliokufa kwa vidonda vidogo kuliko hicho. Halafu akaliona tangi. Akainama.

"Jamani. Na huyu naye?"

"Baridi," tukamjibu kwa pamoja.

Akaondoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba kwenda kumsalimia mwenye nyumba jikoni. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia yote.

"Pole na mgonjwa, Mwalimu."

"Ahsante. Mzee anaendelea vizuri sasa."

"Mzee naona. Nasema yule mwingine. Mwenye pamba masikioni."

Nikasikia mwiko unawekwa chini.

"Pamba?"

"Nyeupe. Lakini msijali, moto anaupata. Jiko liko naye bega kwa bega."

Hatua za mke wangu zilipita korido bila haraka. Pazia halikutikisika.

"Bwana."

"Naam."

"Yale manyoya yamejikunjia mbele au nyuma?"

"Mbele."

"Jiko liko wapi?"

Nikaliangalia jiko. Baba naye akaliangalia. Jiko halikuwa na la kusema.

"Liondoe. Chukua beseni, tia maji ya bomba. Mshike kwa mikono miwili, mtie humo, uniletee hapa kwenye pazia."

Nikaondoa jiko. Nikajaza beseni. Nikakunja mikono ya shati hadi kwenye mabega, nikapiga magoti mbele ya tangi, na hapo ndipo nilipofikiria kwa mara ya kwanza kwamba katika siku zote hizo nilikuwa sijamgusa. Kijiti ndicho kilichomgusa. Nikazamisha mikono. Akageuka, akanicheka, akaweka kile kiganja chake cha vidole vinne juu ya kidole changu cha gumba, taratibu, kama anayenisalimia. Nikatoa mikono yangu na sauti ambayo sitaiandika.

"Amekuuma?" akauliza baba.

"Amenigusa."

Baba akaangalia dari.

Mara ya pili nilitumia chujio la unga. Nikamnyanyua hadi ukingoni, akajipinda, akateleza, akaanguka majini na kujigonga. Kipande cha unyoya mwekundu kikabaki kwenye chujio.

"Kuna kitu kimekatika," nikasema.

Nilitegemea matusi, ningeyapokea kwa mikono miwili. Lakini mke wangu alisema polepole, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Zile funguo bora nizipeleke leo. Nisingoje mkuu aje kunivua mbele ya wanafunzi." Na nikasikia anahangaika na fundo la kamba.

Baba akaniuliza kwa Kinyakyusa, funguo gani. Nikamweleza kwa haraka: chumba, karatasi, mkuu, mashine ya fotokopi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo sikulizoea. Halafu akavuta fimbo yake, akajinyanyua kwa mguu mmoja.

"Mwambie mwalimu ninatoka."

"Tata, nje kuna manyunyu."

"Nimekuulisa hali ya hewa?"

Akatoka mlango wa mbele na bandeji yake. Akavuka uwanja hadi kwenye mparachichi, na kwa kuwa kutoka pale dirisha la sebule linaonekana, akaipa nyumba mgongo na kutazama barabarani. Akasimama hivyo.

Mke wangu akapenya pazia. Hakunitazama. Alimtoa mnyama tangini kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayechukua sabuni. Akamtia kwenye beseni la maji baridi yenye chumvi ya mawe iliyosagwa, akamwekea saa dakika kumi, macho yakiwa kwenye mshale. Halafu akamhamishia kwenye beseni la pili, maji ya rangi ya kutu. Karatasi ya Mzungu, ukurasa wa pili, ule ambao sikuusikiliza, ilisema chai nyepesi iliyopoa huisaidia ngozi. Chai tulikuwa nayo. Ukikosa chai Rungwe, umehama.

"Bado?" baba akaita kutoka mparachichi, bila kugeuka.

"Bado, tata."

"Amewekewa nini?"

"Chai."

"Ya masiwa?"

"Ya rangi."

"Sukali?"

"Hakuna."

Akafikiri kidogo kwenye manyunyu yake. "Basi kweli anaumwa," akasema.

Nikajaza tangi maji mapya ya baridi, mke wangu akamrudisha mnyama humo na kutoka na mabeseni kwa nyuma, nikamwita baba ndani. Alikuwa amelowa mabega. Nikampelekea jiko, na kwa mara ya kwanza wiki ile lilimpasha moto mtu aliyelihitaji.

Ikawa hivyo siku nane, asubuhi na jioni. Saa ya dawa ikifika, baba anachukua fimbo, anakwenda kuupa mparachichi kampani. Nilimpa mwavuli akasema wa kike. Nilimpelekea kigoda akasema atakaa akishapewa shamba huko nje. Watu wa barabarani wakaanza kupunguza mwendo. Mzee ana kidonda, anasimamishwa kwenye mvua, na mwanawe yuko ndani. Mama jirani ndiye aliyepata ujasiri.

"Shemeji, sisemi kwa ubaya. Mzee amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Anampisha mkwewe."

"Afanye nini?"

"Amwogeshe mjusi kwa chai."

Nilijisikia nikiisema sentensi hiyo, nikaona haina pa kutengenezea. Jumapili mzee wa kanisa alikuja kutupatanisha. Baba alimsikiliza dakika kumi na tano nzima akimwacha aendelee, halafu akamwambia kwamba sisi hatujagombana, mtoto ni mjinga tu.

Aksolotli, ambaye sikumwombea lolote jema, akapona. Pamba ikamenyuka. Siku ya saba akala nyungunyungu kutoka kwenye vidole vya mke wangu, akammeza kwa mkupuo na kurudia kucheka. Pale unyoya ulipokatika pakatokea doa jekundu, kisha kichipukizi. Baba alikuwa ameinama juu ya tangi.

"Kinaota?"

"Kinaota. Mzungu anasema hata mguu ukikatika unaota."

Akautazama mguu wake, uliokuwa umefungwa upya siku ile baada ya kushinda hospitali. "Na wala hapangi foleni," akasema kwa chuki.

Siku ya kufungua shule nilimbeba mimi, kwenye beseni lililofunikwa kanga, kwa sababu mke wangu alikuwa na madaftari. Nilipita sokoni nimelikumbatia. Nilisalimiwa sana. Ofisini mkuu wa shule alinyanyua pindo la kanga kwa kalamu, akachungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Ndiye huyu?"

Kumbe hakuwahi kumwona. Alikuwa ametaka kutupa kitu asichokijua hata sura.

"Ndiye," akasema mke wangu.

"Mbona huku manyoya mawili na nusu?"

"Linaota, mkuu."

Akasoma ile karatasi yake mara mbili, akitafuta neno la kushikia. Karatasi ilisema hai. Aksolotli akapanda juu, akameza hewa, akamcheka usoni. Nilimpenda kwa kiasi cha sekunde tatu. Mkuu akaandika "amepokelewa", akafunga faili, na akatuambia tuondoe maji mezani kwake.

Mchana mke wangu alirudi kwa mlango wa nyuma, akasimama koridoni.

"Mwambie baba zimebaki."

Nikamwambia. Baba alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, akisubiri siku mbili za mwisho za kliniki arudi Masoko.

"Lete niguse," akasema.

Mkono ukapenya pembeni mwa pazia, kamba ya kiatu ikaning'inia. Nikapokea, nikampa. Akaziweka kiganjani, akazipimapima uzito, akazigeuza.

"Mbili tu?"

"Mbili."

"Siku nane nimelowa kwa hivi vyuma viwili. Hata jogoo ana usito kuliko hivi."

Pazia likacheka. Si kukohoa kama siku ile. Lilicheka hasa, kicheko kirefu cha mtu aliyebana kitu mwezi mzima. Baba akageukia ukutani mara moja, kama inavyompasa mtu aliyesikia kicheko cha mkwewe, akabaki hivyo, mgongo kwetu wote wawili. Nilipokwenda kuchukua funguo nimrudishie mwenyewe, niliona bado amezifumbata, na ilibidi nivifumbue vidole vyake kimoja kimoja.